Lehemu na Mpaka Wake: Namna ya Kuizuia Isishike Pasipotakiwa

Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi kimesimama kichwa cha treni ya mvuke namba 5918, kilichopewa jina la Mlima Gelai wa kaskazini mwa Tanzania. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Uzito wake ni kama tani 252 na rangi yake ni damu ya mzee. Wageni wengi husimama mbali ili wakione chote. Mtu wa modeli huchuchumaa pembeni kutazama magurudumu, maana pale ndipo kuna kazi: fimbo na mikono ya chuma inayosukumana na kuvutana, mfumo wa kuendesha vali uliobuniwa na Mbelgiji Egide Walschaerts mwaka 1844. Kila mkono umeungwa na mwenzake kwa pini, na kila kiungo lazima kicheze. Kwa kuwa Garratt, aina ya kichwa hiki, ni injini mbili zinazolishwa na boila moja, mfumo huo umo mara nne, kulia na kushoto, mbele na nyuma.

Sasa kipunguze kichwa hicho mara 87, kipimo wanachokitumia waundaji wengi wa modeli za reli barani Ulaya. Urefu wa zaidi ya mita 30 unashuka hadi sentimita 36 hivi. Fimbo zinakuwa vibapa vya metali vya unene wa nusu milimita, na pini zinakuwa nyembamba zaidi ya hapo. Pini inapaswa kulehemiwa kwenye mkono wa nyuma na kuzunguka bila kizuizi kwenye mkono wa mbele, na umbali kati ya mikono hiyo ni unene wa karatasi. Lehemu ikivuka, kiungo kinaganda. Kiungo kimoja kikiganda, seti nzima haiendi, na modeli iliyokusudiwa kutembea inaishia kuwa pambo la kabati.

Kwa tatizo hili mafundi wana dawa nyingi: penseli, mafuta, masizi, karatasi, wino mweupe wa kufutia, udongo wa manjano, dawa ya kuchovya metali iwe nyeusi. Kila mmoja husifu yake na kuibeza ya jirani, na ajabu ni kwamba wote huwa wanasema kweli. Dawa iliyofaulu kwenye meza moja hushindwa kwenye nyingine kwa sababu flaksi, yaani kile kinachopakwa kuisafisha metali ili lehemu ishike, imebadilika. Kizuizi na flaksi ni mahasimu, na haiwezekani kumpima mmoja bila kumtaja mwenzake. Ushauri mwingi unaotolewa juu ya jambo hili humtaja mmoja tu.

Kwanza tuone lehemu inashika vipi. Lehemu ya kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi. Ile yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka yote kwa mpigo kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Lehemu zisizo na risasi, zilizoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuizuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006, hudai joto zaidi. Ile ya bati, fedha na shaba huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Lakini kuyeyuka ni jambo moja na kushika ni jingine. Bati lililoyeyuka lina nguvu ya kujikusanya takriban mara saba ya ile ya maji, kwa hiyo likiachwa peke yake hujiviringa likawa tone, kama maji juu ya jani la gimbi. Mwaka 1805 Mwingereza Thomas Young alieleza kwamba umbo la tone juu ya kitu kigumu hutokana na mvutano wa pande tatu: kimiminika na hewa, kimiminika na kile kitu, kile kitu na hewa. Lehemu hutandaa pale inapokutana na metali tupu. Ikikutana na shaba, bati huingiliana nayo na kujenga tabaka jembamba la msombo mpya, atomi sita za shaba kwa tano za bati. Tabaka hilo ndilo linaloshikilia kiungo.

Metali tupu haidumu hewani. Shaba, shaba njano, chuma, vyote hujifunika oksidi, na joto huiharakisha. Kazi ya flaksi ni kuila oksidi hiyo na kuifukuza hewa mpaka lehemu ifike. Basi mpaka wa lehemu huchorwa na vitu viwili: flaksi imefika wapi, na joto limefika wapi. Vinapokutana vyote viwili, lehemu itakuja bila kuitwa. Kizuizi chochote cha maana hufanya moja kati ya haya: kinaweka juu ya metali kitu ambacho flaksi haikiwezi, au kinakata njia ya joto.

Mfano mzuri fundi anao mkononi tayari. Ncha ya chuma cha kulehemia ina kiini cha shaba ili ipitishe joto, na juu ya shaba kuna ganda la chuma kwa sababu bati hula shaba. Sehemu ya kufanyia kazi huachwa ishike lehemu. Sehemu inayobaki hupakwa kromi. Oksidi ya kromi ni sugu, flaksi ya kawaida haiitoi, na ndiyo maana lehemu hubaki nchani badala ya kupanda hadi kwenye mpini. Chuma kisichoshika kutu hulindwa na oksidi hiyohiyo. Alumini nayo hulindwa na oksidi yake, ambayo ukiikwangua hurudi papo hapo hewani. Kwa hiyo vibano, vishikizo na vipande vya kutenganishia huundwa kwa metali hizi mbili, na hapo wengi hudhani mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Waundaji wa modeli za reli nchini Uingereza, ambao kwao kulehemu vifurushi vya vipande vya shaba njano ni jadi kabisa, hupenda flaksi ya asidi ya fosforasi iliyozimuliwa kwa maji hadi kiasi cha asilimia kumi. Haina utomvu wa kunata, huoshwa kwa maji, na husafisha shaba njano upesi. Asidi hiyohiyo ni miongoni mwa flaksi chache zinazoweza kuifanya lehemu ishike kwenye chuma kisichoshika kutu. Kibano kilichokuwa salama kwa fundi wa redio anayetumia flaksi ya utomvu wa msonobari kinaweza kupata ganda la bati kwenye meza ya fundi wa treni. Kibano hakijabadilika, kilichobadilika ni flaksi. Alumini hubaki salama kwa flaksi zote mbili, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuipendelea.

Penseli, mafuta na karatasi

Kizuizi cha bei rahisi kuliko vyote ni penseli laini, 4B kwenda juu. Unasugua mahali usipopataka lehemu mpaka pang'ae kijivu. Kaboni haishikwi na bati, na asidi ya flaksi haiifanyi kitu. Kwa kemia peke yake, penseli ingekuwa jibu la maswali yote. Udhaifu wake ni wa kimwili: ni vumbi lililolala juu ya metali, na flaksi ya maji ikimiminwa hulielesha na kulibeba. Tena hulibeba hadi kwenye kiungo unachokitaka, ambacho sasa kitakataa lehemu, nawe utabaki ukiilaumu lehemu. Kwa hiyo penseli inataka flaksi kidogo sana, ipakwe kwa ncha ya brashi, na inataka uso uliopitishwa msasa laini ili igande. Masizi ya koroboi yana kemia ileile na udhaifu uleule, mara kumi. Yanafaa kwenye pembe ambazo penseli haifiki, mradi usiyaguse tena.

Mahali penseli haina mpinzani ni kwenye matundu. Chukua uzi wa kaboni wa penseli ya kubonyeza, uuchomeke kwenye tundu linalolingana nao kisha lehemu kando yake utakavyo. Lehemu itauzunguka bila kuushika. Ukivunjika ndani, utausukuma nje kwa pini. Kijiti cha meno hufanya kazi hiyo kwa matundu makubwa. Nati inayolehemiwa juu ya tundu huokolewa kwa njia ya jamaa hiyo: unaikaza kwa skrubu iliyosuguliwa penseli au kupakwa mafuta, unalehemu ukingo wa nati, kisha unaifungua skrubu na kuacha hesi safi ndani.

Karatasi yenye mafuta ina historia ndefu zaidi na, kwa maoni yangu, ndiyo njia iliyofikiriwa vizuri kuliko zote. Tuchukue fimbo inayounganisha magurudumu. Inapita kwenye pini iliyotokeza kwenye gurudumu, na mbele yake kunawekwa washa ya kuizuia isitoke. Washa inalehemiwa kwenye pini, fimbo ibaki huru. Fundi hulowanisha kipande cha karatasi ya kusokotea sigara kwa mafuta mazito, hukitoboa, hukivisha kwenye pini juu ya fimbo, kisha huweka washa. Chembe ya flaksi, ncha yenye lehemu kidogo, mguso wa sekunde moja. Lehemu hushika pini na washa. Karatasi huunguzwa kidogo lakini hubaki katikati, kisha hung'olewa kwa kibano. Nafasi inayoachwa nyuma, kati ya milimita 0.02 na 0.04, ndiyo inayoiwezesha fimbo kuzunguka. Karatasi imefanya kazi mbili kwa mpigo, ukuta na kipimo, jambo ambalo hakuna rangi wala penseli inayoweza.

Kwa nini mafuta? Karatasi kavu hunyonya flaksi kama utambi na kuipeleka ilikokatazwa. Mafuta huzijaza nyuzi za karatasi kabla flaksi haijafika, na maji hayachanganyiki na mafuta, basi asidi hubaki nje. Hapa jozi imekamilika: flaksi ya maji dhidi ya ukuta wa mafuta. Badilisha flaksi uweke ya utomvu wa msonobari na ukuta unapata ufa, kwa kuwa utomvu huyeyuka ndani ya mafuta mengi. Karatasi bado itaikataa lehemu, lakini metali chini yake imekwisha kusafishwa, na palipo na mwanya lehemu itachungulia. Nadhani hii ndiyo sababu mafundi wa elektroniki waliozoea flaksi ya utomvu hawaioni thamani ya karatasi ya mafuta.

Badala ya karatasi wengine hutumia karatasi ya alumini ya jikoni, ambayo unene wake hauzidi sana milimita 0.02. Haiungui, na oksidi yake haishindwi kirahisi. Ila haiweki mafuta ndani yake, flaksi hupenya chini, na ikishachanika hukwama nyuma ya washa kwa ukaidi. Ukichanganya vyote viwili, alumini iliyopakwa mafuta pande zote, unapata kizuizi kigumu kuliko vyote vya jamii hii. Kwa kichwa cha daraja la 59, chenye magurudumu 16 ya kuendesha, kazi ya washa hurudiwa mara 16. Hapo ningemshauri mtu aachane na lehemu kwenye pini za magurudumu, atumie nati ndogo, kwa sababu siku moja gurudumu litahitaji kutolewa. Lehemu aiwekee mikono ya vali, ambako nati haiingii.

Rangi na weusi

Wino mweupe wa kufutia makosa ya taipu ulibuniwa na katibu muhtasi wa Dallas, Marekani, Bette Nesmith Graham, aliyeanza kuuuza mwaka 1956 akiuchanganya nyumbani. Mwaka 1979 aliuza kampuni yake kwa Gillette kwa dola milioni 47.5. Sidhani kama aliwahi kufikiria lehemu. Lakini chembe nyeupe za wino wa aina hii kwa kawaida ni oksidi ya titani, unga ambao bati haliushiki wala flaksi za kawaida haziuli, na brashi yake ndogo imezaliwa kwa kazi ya mistari. Unapakwa, unaachwa ukauke kabisa, kisha unalehemu hadi ukingoni mwake. Faida yake ni kwamba unauona mpaka. Hasara ni unene wake, kwa hiyo haufai kati ya fimbo na washa. Mahali pake ni nyuso za wazi, hasa unapolehemu kitu kipya karibu na kazi iliyokwisha kupendeza.

Kalamu ya wino usiofutika hutumiwa kwa namna hiyo kwa kazi ya haraka. Ni nyembamba, haichukui nafasi, na dhidi ya flaksi ya maji hujitahidi. Flaksi nyingi za utomvu zimeyeyushwa kwenye spiriti, na spiriti ndiyo inayofuta wino huo. Hapo jibu linajulikana kabla ya kazi kuanza.

Unga mwekundu wa kung'arishia, ambao ni oksidi ya chuma, na udongo wa manjano ni urithi kutoka kwa masonara. Hukorogwa uji na kupakwa. Asidi ya fosforasi, kumbuka, ndiyo inayouzwa madukani kwa kuondolea kutu, na kutu ni oksidi ya chuma. Kupaka unga mwekundu kisha kumimina asidi hiyo ni kumkabidhi mwizi ufunguo. Unga huu mahali pake ni kwenye moto mkubwa, nitaufikia.

Dawa za kufanya metali iwe nyeusi, zile za kuchovya au kupangusa ambazo wenye bunduki huzitumia kwa chuma, nyingi zikiwa na misombo ya seleni, ziko katika daraja lake. Hazikai juu ya metali. Hubadilisha ngozi ya metali yenyewe kuwa nyeusi na ngumu kushikwa. Haziongezi unene wa kupimika. Pini iliyofanywa nyeusi shinani na kuachwa nyeupe kichwani itashika lehemu kichwani tu. Hakuna kizuizi kingine kinachoweza kuingia kwenye tundu lenye nafasi ya milimita 0.02 bila kulijaza. Na mikono ya vali, ikishapoteza mng'ao wa shaba, inafanana zaidi na chuma chenye grisi cha treni halisi. Asidi ikizidi au ikikaa muda mrefu itaitafuna ngozi hiyo pia, lakini kwa mguso mfupi inahimili. Kama ningelazimika kuchagua kizuizi kimoja cha mfumo wa Walschaerts, ningechagua weusi huu na kuweka mafuta juu yake.

Utepe wa poliimidi, wenye rangi ya kaharabu, nautaja kwa sababu ya mafundi wa simu. Wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, wanaufahamu: huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 250, huziba sehemu za bodi zisiguswe na upepo wa moto. Bodi zenyewe zimefunikwa rangi, mara nyingi ya kijani kibichi, ambayo kazi yake kubwa ni hii tunayoizungumza, na rangi hiyo huuzwa kwenye bomba dogo na hukaushwa kwa mwanga wa urujuanimno. Wao tatizo hili walilimaliza kiwandani. Kwenye modeli utepe ni mnene na hauingii kwenye viungo vinavyocheza, ila kwa kufunika ubavu wa boila hauna kasoro.

Joto lisilosafiri

Mpaka hapa tumezungumzia flaksi. Nusu ya pili ya jambo ni joto, na hapa uchaguzi wa metali hufanya kazi kubwa kimyakimya. Shaba nyekundu hupitisha joto mara tatu na zaidi kuliko shaba njano. Shaba njano nayo hupitisha mara tatu au nne kuliko nikeli-silva, aloi ya shaba, nikeli na zinki isiyo na chembe ya fedha ndani yake ingawa inang'aa kama fedha. Kwenye mkono wa nikeli-silva joto hukaa pale ulipogusa. Kwenye mkono wa shaba njano limekwisha kufika kiungo cha pili kabla hujainua ncha. Waundaji wengi huisifu nikeli-silva kwa rangi yake. Mimi naona sifa yake kubwa ni uvivu wake wa kupitisha joto.

Kinachofuata huwashangaza wanaoanza: ncha yenye nguvu ni salama kuliko ncha dhaifu. Chuma cha wati 15 kwenye kipande kikubwa cha shaba huchukua nusu dakika kuyeyusha lehemu, na katika nusu dakika hiyo joto limetembea kila mahali, flaksi imeungua, mafuta yamekauka, penseli imeelea. Chuma cha wati 50 chenye kidhibiti joto hugusa, huyeyusha, huondoka. Vizuizi vingi vinavyolaumiwa vilishindwa na muda.

Palipo na viungo vya zamani karibu, karatasi ya chooni iliyolowa maji ni kinga ya ajabu. Maji hayapiti nyuzi 100 mpaka yaishe kwa kugeuka mvuke, na lehemu ya kawaida haitayeyuka chini ya nyuzi 183. Kwa hiyo kilicho chini ya karatasi hiyo kitabaki mahali pake. Ni kinga isiyofaa kwa kiungo kilichofanywa kwa lehemu ya nyuzi 70, ile ya bismuthi, risasi, bati na kadimi inayotumika kuunga vipande laini vya aloi nyeupe. Hiyo itayeyuka ndani ya maji yanayochemka.

Lehemu hiyo ya nyuzi 70 inajizuia yenyewe kwa namna yake. Kwa joto lake dogo haipendi kushika shaba njano tupu. Fundi hulazimika kwanza kuipaka shaba njano lehemu ya kawaida mahali anapotaka, kisha lehemu laini hufuata alama hiyo na kuishia ukingoni. Hapo huhitaji kizuizi. Unachora ruhusa badala ya kuchora katazo. Wazo hilo linafaa hata kwa lehemu ya kawaida: paka bati jembamba kwenye vipande vyote viwili kwanza, vibane pamoja, vipashe joto bila kuongeza chochote. Lehemu isiyokuwepo haiwezi kumwagika.

Hapo tunafika kwenye kosa la kawaida kuliko yote, wingi. Vipande vya modeli vilivyochongwa kwa asidi vina vichwa vya ribiti na mifereji ya mbao isiyozidi sehemu ndogo ya milimita, na tone moja likitokea upande wa mbele huvifuta. Hakuna haja ya kupaka kizuizi kwenye ribiti mia moja. Ncha iwe upande wa ndani, lehemu iwe punje iliyokatwa kwenye uzi uliogongwa nyundo ukawa bapa, na mwanya wenyewe utaivuta lehemu hadi ukingoni na kuisimamisha hapo. Anayetoa lehemu kwenye uzi mnene moja kwa moja juu ya kiungo amekwisha kushindwa, awe na penseli au asiwe nayo.

Moto mkubwa

Boila ya modeli inayotembea kwa mvuke wa kweli haiungwi kwa bati na risasi. Hutumiwa lehemu ya fedha, na ile yenye fedha asilimia 55 huyeyuka kati ya nyuzi 630 na 660. Kwa joto hilo mafuta, wino wa kalamu na karatasi vimetoweka zamani. Unga mwekundu, udongo wa manjano, grafiti na wino mweupe ndivyo vinavyobaki, na flaksi huwa ya jamii ya boraksi au ya floridi. Sonara anayeunga pete za mkufu bila kuzigandisha, au mapipa ya bawaba ya kisanduku, yuko kwenye tatizo lilelile la Walschaerts kwa joto mara tatu. Uji wa udongo hauruhusiwi kugusa flaksi; ukiingia kwenye kiungo, kiungo hicho hakitashika mpaka kisafishwe upya. Kwa hiyo flaksi hupakwa kwanza mahali pake, ikakauka, kisha udongo hupakwa kwa brashi nyingine. Ni kanuni rahisi, lakini wengi huivunja kwa kutumia brashi moja.

Lehemu ikishashika pasipotakiwa, je? Utepe wa nyuzi za shaba wenye flaksi hunyonya nyingi yake, na inayobaki hukwanguliwa kwa kisu kilichokunjwa ncha au brashi ya nyuzi za kioo. Kiungo kilichoganda kikipashwa joto upya huku kikitikiswa kwa kibano mpaka kipoe, mara nyingine huachia. Tone la mafuta likiwekwa kabla ya kupasha hukisaidia. Tupa ndiyo njia ya mwisho, kwa sababu shaba njano ni laini na utaila modeli pamoja na lehemu.

Vitu hivi vina sumu zake. Moshi wa utomvu wa msonobari unaweza kusababisha pumu kwa wanaouvuta mara kwa mara. Kadimi ni mbaya kuliko risasi, kwa hiyo lehemu ya nyuzi 70 yenye kadimi isipashwe kwa ncha kali hata kidogo. Dawa za weusi zenye seleni zinataka glavu na dirisha wazi. Flaksi za asidi na za kloridi ya zinki zisipooshwa hutoa kutu ya kijani chini ya rangi miezi baadaye.

Kwa anayeanza mfumo wa vali leo, mpangilio wangu ni huu. Mikono iwe ya nikeli-silva, pini zifanywe nyeusi isipokuwa vichwani, karatasi ya sigara yenye mafuta iwe kati ya mikono, flaksi iwe ya asidi ya fosforasi kwa chembe, na ncha iwe pana na yenye joto la kutosha. Anayependa flaksi ya utomvu aiache karatasi ya mafuta, atumie alumini kavu pamoja na penseli. Kabla ya kugusa modeli yenyewe, jaribu jozi hiyo kwenye mabaki ya fremu ambayo vipande vimekatwa kutoka kwake: flaksi ileile, kizuizi kilekile, ncha ileile. Metali yake ni ya unene uleule, na haikugharimu kitu.